Kasuku wa Mikono Miwili

Madogo, Jumapili asubuhi

Dada yangu Khadija,

Assalamu alaykum warahmatullah. Salamu hizi nakuletea kwa mikono yote miwili. Wa kulia unanuka vitunguu na wa kushoto una alama ya mdomo wa ndege, na sababu ya alama hiyo utaisoma mbele. Hujambo wewe? Goti lako je, bado lalia ukipanda ngazi? Na shemeji, bado anapika ile kahawa yake chungu kisha anamnunia anayekunja uso? Mimi ni mzima, sina la kumlalamikia Mola isipokuwa joto, maana joto la Madogo halina upepo wa bahari wa kulitia adabu. Ikifika adhuhuri hata mbuzi hunyamaza.

Barua hii ataichukua Bwana Shee, dereva wa lori. Ataishusha Garsen kwa binamu yake anayeuza maembe, na huyo ataitafutia mtu wa Kipini. Utauliza kwa nini nimejitesa na kalamu na simu ninayo. Ni kwa sababu simu yako, Dada, huiweka sauti ya juu, na baraza nzima husikiliza mpaka majirani wananijibia. Na nikianza kusema la moyoni hunikatiza: ngoja kwanza, Zuhura anakula. Barua haikatizwi. Isome peke yako, tena usome polepole.

Umeniomba neno kubwa. Ulisema, "Mwanamkuu, niachie Zuhura mpaka aingie skuli, keshanizoea." Nikakuambia mtandao mbaya, sikusikii. Mtandao ulikuwa mzuri, nilikusikia neno kwa neno. Jibu lako limo humu ndani, ila usiruke karatasi kulitafuta, maana ukilisoma bila ya haya yaliyotangulia utanifahamu vibaya.

Basi nianze na lililo chungu. Nakuonea wivu. Nimeliandika mara mbili nikalifuta, sasa naliacha lilivyo. Si wivu wa leso mpya, ule hupita. Huu umekaa kooni kama mwiba wa samaki: nikimeza tonge unashuka, nikitulia unapanda.

Siku ile uliponiomba nilimsikia Zuhura nyuma yako akiuliza, "Mama, mama wa simu yuwataka ntoni?" Wewe ukacheka, na baraza ikacheka. Kisha ukamwambia, "Ataka kukusalimu, mwanangu." Mwanangu! Nilikata simu nikaenda jikoni nikakata vitunguu karai zima, hata vya kesho, ili mtu asije akaniuliza ninalia nini.

Najua utasema mama mkubwa ni mama, na ndivyo ilivyo kwetu. Mimi na wewe tulimwita hivyo dada yake mama na hakuna aliyedhurika. Lakini sisi mama wawili tulikuwa nao mbele ya macho, huyu akitupiga tunakimbilia kwa yule. Zuhura ana mmoja, na mwingine yumo ndani ya kisanduku kinachoishiwa na chaji.

Na Idd iliyopita je? Nilifika na gauni lenye marinda, nikachutama mlangoni na mikono wazi. Mtoto akajificha nyuma ya leso yako. Siku ya tatu alianguka uani akachubuka goti. Mimi nilikuwa karibu, hatua mbili tu, wewe ulikuwa kisimani. Akainuka analia, akanipita kama unavyopita mtungi, akaenda mpaka kwako. Wewe ukampangusa ukanitazama. Hukufanya kosa lolote, na ndiyo maana nilikuchukia zaidi siku ile. Mtu asiye na kosa hana pa kumshikia.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Unaikumbuka ile shubiri. Uliikoroga wewe kwenye kikombe, nikajipaka mimi chuchuni, kwa kuwa kazi ilikuwa inaningoja huku na baba yake alikwisha kwenda na njia yake. Siku ya kwanza Zuhura alionja akanitazama kama niliyemzaba kofi. Siku ya pili alikuja tena akaonja ukingoni tu. Siku ya tatu hakuja, alikuja kwako. Siku ya nne nilipanda gari. Tulisema mtoto ameachishwa vizuri, hakusumbua. Mwaka na zaidi nimekuwa nikijiambia hivyo, hakusumbua.

Sasa nikuhadithie ndege.

Wiki moja baada ya mimi kurudi kutoka kwenu, Bwana Shee alisimamisha lori mbele ya hoteli na kofia yake kaishika mkononi kama bakuli. Karibu na Garsen maji yalikuwa yamekula ukingo wa mto na mkuyu mkubwa ulilala. Kwenye pango la mti alikuta makinda wawili wa kasuku, mmoja amekufa. Wa pili ndiye huyo aliyekuwa ndani ya kofia, na alimleta kwa Mama Hodan, mwenye hoteli, tajiri wangu, mama wa Kisomali ambaye sauti yake inafika ng'ambo ya daraja.

Alikuwa mbaya, Dada, sikufichi. Ngozi tupu nyekundu, vijimiba vya manyoya kama kidevu cha shemeji akikosa wembe, tumbo mbele, mdomo mkubwa kuliko kichwa. Mama Hodan alimtazama, akanitazama mimi.

"Mwanamkuu, hii kitu bado napumua. Mkono yako imezoea samaki, iko pole. Wewe angalia."

Ndivyo nilivyopewa mtoto. Mama Hodan alimwita Barwako, maana yake kwao ni neema. Mimi nilimwita Kibogoyo.

Kumlisha si mchezo. Uji wake ni wa unga wa mahindi na wa dengu, umechujwa kwa kitambaa mpaka hauna chembe. Ukiwa wa moto utamchoma ndani, ukiwa wa baridi hautashuka. Naujaribu hapa kwenye mshipa wa mkono, kama tulivyokuwa tukijaribu maji ya kumkosha Zuhura. Kijiko nilikikunja kingo kwa koleo mpaka kikawa kama mfereji. Ukimsogezea anakikamata na kuanza kutikisa kichwa, juu chini, juu chini, kwa nguvu ambayo hujui ameitoa wapi. Chini ya koo ana kifuko ambamo chakula hungoja kabla ya kwenda tumboni, wenyewe hukiita gole. Likijaa utaliona limetuna kama ndimu, nawe unangoja lipungue ndipo umpe tena. Kila baada ya masaa matatu. Baina ya pilau na anjera, baina ya madereva wawili wanaogombea kiti, mimi jicho liko kwenye saa ya ukutani.

Na nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Mara ya kwanza alipotikisa kile kichwa mkononi mwangu, ziwa liliniuma. Zaidi ya mwaka limekauka, na liliniuma vilevile kama zamani Zuhura akilia chumba cha pili. Nilikaa juu ya gunia la mchele mpaka ikapita.

Wiki mbili alikuwa wangu. Nikiingia stoo ananijua kwa mwendo, anaanza kupiga kelele kama bawaba isiyotiwa mafuta. Katoni yake niliitandika ile leso yangu kuukuu ya kisutu. Niliwafukuza paka wawili. Nilimpima kwenye mzani wa sukari kila asubuhi, na akiongezeka nilikuwa nikiimba jikoni mpaka wapishi wenzangu wakaniuliza nimeposwa na nani.

Kisha Mama Hodan akaanza. Jioni, wateja wakipungua, alimchukua kutoka kwenye katoni akaenda naye chumbani kwake, akamlaza begani chini ya mtandio. Nilidhani anamshika tu. Kumbe alikuwa na kikombe cha maziwa ya ngamia, yale yanayoletwa asubuhi kwenye madumu yakinuka moshi, na kwao hakuna kiumbe mchanga asiyepewa. Mtoto wa mtu, mtoto wa mbuzi, mgonjwa, mgeni, wote dawa yao ni hiyo moja. Ikawa Kibogoyo akisikia sauti yake, na sauti hiyo nimekwisha kukuambia ilivyo, anageuza shingo nusu ya kijiko na kuniacha nimeshika uji hewani.

Nilimwonea wivu, Dada, juu ya ndege! Mtu mzima mwenye mtoto na akili zake. Nilijiambia yeye ndiye mwenye nyumba, na ndege ni wake. Nikajiambia pia: kila ninachokilisha mimi kinaishia kwenye bega la mwingine. Nikazikumbuka zile nazi zako ulizonipa Idd nipikie wali. Nikakuna moja, nikachukua tui la kwanza, zito, nikalitia kwenye uji na sukari nyuma ya mgongo wa watu. Aonje cha Kipini tuone atakwenda kwa nani.

Alipenda mno. Alikunywa mpaka nikampokonya kijiko, na usiseme sikufurahi. Jioni Mama Hodan naye akaona anakataa maziwa, akambembeleza mpaka akayanywa. Kesho yake nikazidisha tui. Naye, nilikuja kujua baadaye, akazidisha maziwa.

Siku ya tatu asubuhi nilimkuta amekaa kona ya katoni, macho nusu, shingo imezama. Lile gole halikuwa limepungua tangu jana. Nililigusa, limelegea kama unga wa kaimati uliosahauliwa, na mdomo wake unanuka uchachu. Nilipiga ukelele. Mama Hodan akaja mbio na kiatu kimoja.

"Wewe nampa nini ndege yangu?"

"Uji, Mama Hodan. Uji ule ule. Labda ni huko begani kwako, na yale manukato."

"Mimi nampa mapenzi tu!"

"Mapenzi ndiyo yananuka hivi?"

Usinihukumu. Nilimjibu tajiri wangu hivyo mbele ya madereva wanne, na ningeongeza kama mmoja wao hangesema kwamba daktari wa mifugo yuko sokoni anakagua mbuzi. Nilitoka na katoni kichwani, jua kali, Mama Hodan nyuma yangu na kile kiatu kimoja.

Daktari mwenyewe ni msichana wa Hola, mdogo kuliko mimi. Alimshika Kibogoyo, akamnusa mdomo, akatutazama sisi wawili tulivyosimama kila mtu upande wake.

"Mimi ni daktari wa ng'ombe na mbuzi, kasuku nilisoma kurasa mbili tu. Lakini hii ni harufu ya maziwa. Nani amempa maziwa?"

Mama Hodan alitazama chini. Sijapata kumwona akitazama chini.

"Mimi. Ya ngamia. Safi kabisa."

"Mama, ushawahi ona kuku ananyonyesha? Ndege hana kazi na maziwa, yanamgandia humu." Akagusa tena. "Na mafuta je? Huu uji una mafuta pia."

Wote wakanitazama mimi. Nikasema pengine sufuria haikuoshwa vizuri. Ndiyo, Dada. Nilisema hivyo, nikamwacha mwenzangu na aibu yake peke yake.

Yule msichana akampigia simu mwenzake aliyesomea ndege, wakazungumza. Akatuambia tusimpe chakula chochote, tumpe matone ya maji ya uvuguvugu na kulikanda gole kwa ncha ya vidole, taratibu, mpaka lifunguke. Likifunguka tuanze upya na uji mwepesi mtupu. Ndege wa porini hafichwi, akasema, kwa hivyo tukamwandikishe kwa maafisa wa wanyamapori tutafute kibali. Tayari Mama Hodan ameshakwenda. Halafu akasema neno moja ambalo nimekuwa nikitembea nalo tangu siku ile: "Mkono mmoja upike, ule mwingine ujue umepika nini. Mkishindana mtamzika."

Tukakaa stoo tangu saa nne, mimi na yeye, katoni katikati. Mimi nakanda, yeye anadondosha maji. Hoteli ilijipika yenyewe siku hiyo. Halafu Mama Hodan akaanza kuzungumza bila kunitazama, kama anayezungumza na magunia.

"Hodan yangu mimi sijalea. Nyanya yake amelea, huko kwa ngamia. Mimi iko hapa nafanya biashara, natuma nguo, natuma sukari, natuma kila kitu. Saa hii ni mama ya watoto tatu. Unajua naniita nini?"

"Hooyo," nikasema, maana hilo la kumwita mama kwa Kisomali nimekwisha kulijua.

"Hooyo ni nyanya. Mimi naniita Sahra. Heshima iko, salamu iko. Kila Ijumaa napiga simu. 'Sahra, uko mzima?' Kama jirani."

Vidole vyangu vilisimama juu ya gole la ndege. Nilimwona Zuhura mtu mzima, na watoto, na simu mkononi, ananiita Mwanamkuu. Kwa heshima kabisa. Sikuweza kukaa na ule uwongo tena.

"Mama Hodan, si sufuria. Ni tui la nazi. Nilimtilia tui na sukari ili anipende mimi."

Aliniangalia. Nikajua sasa nafungasha virago. Kumbe alianza kucheka, akacheka mpaka mtandio ukamwanguka na machozi yakamtoka, na mengine, nadhani, hayakuwa ya kicheko.

"Wewe mjinga," akasema. "Mimi mjinga. Ndege moja, wajinga wawili."

Kabla ya alasiri lile gole lilifunguka. Kibogoyo akatikisa kichwa, akachafua leso yangu, akadai chakula kwa ile sauti ya bawaba. Sijapata kufurahia uchafu namna ile tangu Zuhura apone lile tumbo la kuendesha.

Tukaweka sheria. Uji napika mimi, mwenzangu anaonja. Lakini mchana mimi siwezi kuacha jiko wateja wamejaa, kwa hivyo mlo wa mchana ukawa wa Mama Hodan, na hapo ndege akagoma. Baada ya ule ugonjwa hakutaka kijiko kwenye mkono wowote ila wangu. Alikaza mdomo, akarudi nyuma. Na mimi, Mungu anisamehe, nikiwa nakoroga pilau nilimsikia anavyogoma na nikatabasamu ndani ya mvuke.

Tukampigia simu daktari. Akasema: msimnyang'anye mkono anaoujua. Shikeni pamoja. Basi siku ya kwanza nilishika kijiko mimi, Mama Hodan akaweka mkono wake juu ya wangu. Akala. Siku ya tatu alishika yeye, mkono wangu ukawa juu. Akasita, akanitazama, akala. Siku ya tano nilimgusa Mama Hodan kwenye kifundo tu. Siku ya saba nilikaa kando nikaongea, apate kusikia sauti yangu. Siku ya nane nilikwenda jikoni, na ndege akala kama hakuna aliyetoka. Iliniuma, Dada. Mimi mwenyewe ndiye niliyeutoa mkono, na bado iliniuma. Mama Hodan alikuja jikoni na bakuli tupu, akasimama, akasema, "Ahsante, Mwanamkuu." Hakusema kwa ushindi. Alisema kama mtu anayejua amepewa nini.

Baada ya hapo manyoya yalimjaa, kijani kile cha mpunga mchanga, na tumbo likaanza rangi ya embe. Ikafika kumwachisha kijiko. Mimi nilijua namna moja tu ya kumwachisha mtoto, nikamuuliza daktari kama tupake kijiko kitu kichungu. Akaniambia kwenye simu: "Hapana, dadangu. Usimwachishe kwa uchungu wala kwa njaa. Mtandikie chakula mbele yake, mwache achezee, na kijiko kiwepo. Atakikataa mwenyewe." Nilikuwa naionja ile shubiri mdomoni mwangu mimi.

Kwa hivyo tukamtandikia sinia: mahindi ya kuchemsha, papai, pojo za kurowekwa. Mwanzo alivitupa vyote. Papai ukutani, pojo kwenye chai ya mteja. Alichukua punje ya mahindi, akaigeuzageuza kwa mguu, akaiangusha, akarudi kulilia kijiko, tukampa. Kisha mlo wa mchana akausahau mwenyewe, halafu wa asubuhi akawa anaula nusu.

Alhamisi iliyopita tulikuwa sote wawili tumekaa naye mezani, kijiko cha jioni mkononi mwa Mama Hodan. Kibogoyo akakikamata kwa mdomo, hapo ndipo aliponiachia hii alama nilipojaribu kukiokoa, akakivuta na kukitupa chini, kling! Halafu akatembea mezani, akaenda kwenye sahani ya mteja, akakaa juu ya gunzi la mahindi na kula. Punje moja moja, mgongo ametupa sisi. Tulitazamana na Mama Hodan kama wake wenza walioachwa siku moja. Kesho yake asubuhi alirudi, akataka kijiko, akala vijiko vitatu tu. Tulimpa. Tangu hapo hataki.

Sasa jibu lako, Dada.

Simwachi Zuhura. Lakini pia siji kumng'oa. Tangu Idd iliyopita nilikuwa nimepanga safari hii nije nilale usiku mmoja tu, wa kumfungia begi, na asubuhi tuondoke, alie njiani mpaka achoke. Hata begi lake nilikwisha nunua. Hilo ndilo lililokuwa jibu langu siku niliposema mtandao mbaya. Ingekuwa shubiri ya pili.

Nimeomba siku arobaini. Mama Hodan akaniuliza, "Arobaini? Kwani wewe umezaa?" Nikamwambia nilizaa, ila sikupata kukaa arobaini yangu vizuri. Akasema niende. Nitafika siku kumi na tatu kutoka leo, kabla ya Idd kubwa. Sitaki karamu wala kupokelewa na watu njiani. Niwekee jamvi jikoni mwako, karibu na jiko, mahali ambapo Zuhura hukaa akila.

Na sasa nakuomba mimi, kama ulivyoniomba wewe. Usimwambie, nenda kwa mama yako. Usimsukume. Usimfiche pia. Usitoke jikoni kwa kunionea haya. Ukimlisha, niweke mkono wangu juu ya wako. Ukichoka, mimi nishike na wewe uweke wako juu. Chukua muda utakaoutaka, na ikifika siku ya kukaa kando, kaa kando uendelee kuzungumza, asikie sauti yako.

Arobaini zikiisha, akiwa tayari kunishika mkono na kupanda gari, tutakwenda, nawe utakuja ukae nasi Madogo ule mwezi wake wa kwanza huku, chumba kipo na Mama Hodan anataka kukuona wewe mwenye nazi zile. Na asipokuwa tayari, sirudi huku. Nitakaa Kipini nichome mikate ya mofa niuze, mtoto awe na mama wawili mbele ya macho kama tulivyokuwa sisi. Nimekwisha kumwambia tajiri, na amekubali kumtafuta mpishi mwingine ikibidi.

Lakini usidhani nimekuwa malaika. Wivu bado upo, naandika nao hapa. Siku Zuhura atakapokula mkononi mwangu peke yangu, wewe utaumia, na sitajifanya sijui. Siku hiyo toka nje, nenda nyuma ya kisima, ulie mpaka uishe. Mimi mwaka na zaidi nimelia huku kwenye vitunguu. Ukirudi nitakuwa nimekupikia chai, na sitakutazama kwa ushindi. Hilo naliahidi.

Nisalimie shemeji, mwambie namletea buni za huku azichomee uchungu wake. Nisalimie mama yetu mkubwa, mkono wake naubusu. Mkwe wako wa jirani, yule anayenijibia kwenye simu, mwambie barua hii haina sauti ya juu. Bwana Shee akipata mtu wa kuaminika atakuletea na fungu la kitoweo cha ngamia kilichokaushwa. Kikishinda meno yenu, wape paka.

Zuhura usimpe salamu yoyote kutoka kwangu. Akisema, "Nna ndaa," mlishe kama kawaida yako, na uache nafasi kwenye jamvi.

Ndimi mdogo wako,
Mwanamkuu,
mama wa simu kwa siku kumi na tatu zilizobaki.